Kangomba analala kijijini, ushirika unalala mjini

Mhariri,

Jina langu naomba ubaki nalo mwenyewe. Sababu utaiona kabla hujafika katikati ya barua.

Kwa misimu saba, kuanzia 2011/12 hadi 2017/18, nilikuwa karani wa mizani wa chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni mwa ghala, kupima gunia, kusoma kilo kwa sauti ili mwenye mali asikie, kuziandika daftarini na kumkatia karatasi yake. Katika misimu hiyo nimewasema watu wengi. Mtu akiuza korosho zake kwa kangomba, mnunuzi wa magendo, mimi nilikuwa wa kwanza kumwita mjinga, tena mbele ya wanawe.

Februari 2024 na mimi niliuza kangomba.

Mjukuu wangu alikuwa na homa na kuhara kwa siku tatu mfululizo, na zahanati ikatuandikia twende hospitali ya wilaya. Hesabu pikipiki, dawa, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza. Ndani nilikuwa na shilingi 6,000 na debe moja la mahindi. Saa nne usiku nilibisha hodi kwa kijana anayenunua. Hakuniomba dhamana. Hakutaka picha mbili ndogo wala barua ya mtendaji. Hakuniambia nirudi Jumatatu katibu akiwepo. Alinihesabia shilingi 80,000 kwa mwanga wa simu, tukapatana nimlipe bakuli 80 za korosho msimu ukifunguliwa, kila bakuli kwa 1,000. Mikorosho yangu ni 84, na usiku ule hakuna hata mmoja uliokuwa na ua.

Kwa wasomaji wa mbali nieleze kidogo. Kangomba kilikuwa kipimo tu, bakuli au kopo la kupimia korosho mlangoni kwa mtu. Jina likahamia kwenye biashara yenyewe, kisha likahamia kwa mtu anayeifanya. Siku hizi tunasema "kangomba kapita" kama tunavyosema "mganga kapita". Wengine huiita chomachoma. Ni biashara iliyopigwa marufuku, kwa hiyo hufanyika usiku. Wenzetu wa Kagera wana dada yake huko kwenye kahawa, wanaiita butura: unauza buni ikiwa bado mtini. Mbuyu ni mmoja, matawi tu ndiyo tofauti.

Oktoba 2024 msimu ulifunguliwa kwa bei ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Kwenye minada ya mwanzo kilo ilivuka shilingi 4,000. Watu walipiga vigelegele, na redio ikasema wakulima wa kusini wamefurahi. Siku korosho za ghala letu zilipouzwa, baada ya makato yote, niliingiziwa 3,500 na chenji kwa kilo. Nikachukua kalamu, maana ukarani haumtoki mtu. Zamani nikiwa kazini nilishawahi kulikamata bakuli la kangomba nikalipima kwenye mizani ya chama: likijazwa kwa kilima, kama wanavyolijaza wao, linabeba kilo moja na robo. Bakuli 80 ni kilo 100. Kilo 100 kwa 3,500 ni shilingi 350,000. Nilikopa 80,000 kwa miezi minane, nikarudisha 350,000.

Nilimfuata yule kijana. Nilimpokea mimi mwenyewe siku anazaliwa, kwa hiyo sikuogopa kumsema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, mimi sijamwita mtu. Mnakuja wenyewe usiku. Sasa mkija nifunge mlango?"

Sina jibu la kumpa mpaka leo, na ndiyo maana naandika.

Miaka yote kangomba imepigwa vita mwezi wa Kumi. Vinawekwa vizuizi barabarani, mgambo wanapita, na viongozi wanatoa maonyo. Mwaka 2018 ilifika mahali Serikali ikanunua korosho yenyewe kwa 3,300 na jeshi likaja kuzibeba, na mkulima aliyeleta zaidi ya kilo 1,500 akatakiwa kuhakikiwa mpaka shambani, mti kwa mti, kuona kama korosho ni zake kweli. Nilikuwepo. Kuna mzee wa watu aliyekuwa na shamba halisi, amelipanda kwa mkono wake, akangoja malipo mpaka mvua za mwaka uliofuata, wakati kangomba wa kweli alikuwa ameshagawa magunia yake kwa majina ya shangazi na wajomba, kila mmoja chini ya kiwango. Mlango wa Oktoba unalindwa na askari, na wizi ulishafanyika Februari. Kangomba ni mkopo kabla ya kuwa biashara. Ukimkuta ana gunia mkononi umeshachelewa miezi minane.

Nisieleweke kwamba nauponda ushirika. Mimi ni mtoto wake. Ninakumbuka, kwa akili ya kitoto, Operesheni ya vijiji ilipotuhamisha na baba akawa anatembea nusu siku kurudi mahame kuokota korosho zake chini ya miti iliyoanza kuzongwa na msitu. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani kama 145,000 za korosho. Baadaye mwaka 1976 vyama vikuu, yaani miungano ya vyama vya msingi, vikafutwa nchi nzima, mazao yakapelekwa kwenye mamlaka na mashirika ya umma, na huku kwetu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaja ukakausha maua juu ya miti isiyopaliliwa. Kufika katikati ya miaka ya 1980 zile tani 145,000 hazikufika hata 20,000. Sheria ya 1982 ilipovirudisha vyama, baba alikuwa ameshakata mikorosho 30 kuchoma mkaa. Basi sihitaji kuambiwa mkulima asiye na chama anakuwaje. Nimekulia humo.

Na mfumo wa stakabadhi ghalani nautetea. Sheria yake ni ya 2005, na kwetu Mtwara ulianza na korosho msimu wa 2007/08. Kabla yake mnunuzi alikuja na mizani yake, bei yake na haraka yake. Sasa korosho zinapimwa kijijini, zinapangwa daraja, zinakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana, na sisi tuna haki ya kuikataa bei mnadani. Nimewahi kusimama kwenye mnada ambao wakulima waliguna wote kwa pamoja na magari ya wanunuzi yakaondoka matupu. Tulirudi nyumbani na njaa, lakini tumenyooka mgongo. Zamani bei zilikuja kwenye bahasha ndani ya sanduku, na tangu msimu wa 2024/25 zinaonekana kwenye skrini. Bahasha au skrini, kwangu ni mamoja, mradi isomwe mbele yangu.

Makosa yalikuwepo, na makubwa. Ule utaratibu wa malipo ya kwanza na ya pili ulituumiza, maana malipo ya pili yalikuwa kama mjomba wa mjini, anasema anakuja kila Krismasi. Liwale, mkoani Lindi, mwaka 2013 hasira ya malipo hayo iliishia kwenye nyumba za watu kuchomwa moto. Siungi mkono moto, ila naujua ulikotoka. Siku hizi hela inaingia benki kwa mkupuo mmoja. Hayo ni maendeleo na nayapokea.

Ninachosema ni kwamba chama kikuu kinanifahamu kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Miezi mingine tisa mimi ni jina kwenye daftari lililofungiwa kabatini. Kangomba ananifahamu mwaka mzima. Anajua mtoto wa nani amefaulu kwenda kidato cha kwanza na hana sare. Anajua nani kafiwa. Anakuja matangani, anachanga, tena anachanga zaidi ya mwenyekiti.

Nilianza kuyafikiri haya vizuri nilipokwenda Muheza, mkoani Tanga, kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, chotara, anawafugia bandani. Kila alfajiri anabeba ndoo yake ya chuma kwenda kituo cha kukusanyia maziwa cha chama chao. Nilimfuata siku ya pili, maana mizani naitambua hata nikiwa usingizini. Pale wanapima lita, wanatia kipimo kuona kama maziwa yametiwa maji, wanachanganya kidogo na spiriti kwenye kichupa kuona kama yameanza kuharibika, wanaandika, yanamiminwa kwenye tangi la kupoozea. Mwisho wa mwezi analipwa. Hayo ya kawaida. Kilichonishangaza ni kwamba alipoondoka aliondoka na kiroba cha pumba na cha mashudu bila kutoa hata senti. Nikamwuliza, "Umelipa saa ngapi?" Akacheka. "Mama, nakatwa kwenye maziwa." Mhimilishaji akija kupandisha ng'ombe, anakatwa kwenye maziwa. Dawa ya kupe, anakatwa kwenye maziwa. Mwezi ambao mume wake aliugua, chama kilimpa fedha mkononi, akakatwa kwenye maziwa kwa miezi mitatu, kidogo kidogo.

Vyama vyao vya msingi viliungana miaka ya 1990 vikawa na chama kikuu cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa cha mkoa, na chama hicho kina hisa kwenye kiwanda cha Tanga Fresh. Kwa hiyo maziwa ya ndoo ya binti yangu yana pa kwenda hata siku ambayo jirani yake hanywi chai. Huyo ni mwanamke mwenye ng'ombe wawili! Mimi mwenye mikorosho 84 na misimu saba ya ukarani nilikuwa nabisha hodi kwa mjukuu wa jirani saa nne usiku.

Nimeshasikia jibu kabla halijatolewa: maziwa ni ya kila siku, korosho ni ya msimu, huwezi kukata kwenye kitu ambacho hakipo. Ni kweli, na hapo ndipo penyewe ninapotaka kupasemea.

Hesabu ya fedha ya familia ya huku inakwenda hivi. Januari ada, sare, madaftari. Februari na Machi tuko kwenye palizi, ghala la mahindi limekwisha, na malaria ndiyo inapopanda. Mei tunavuna mahindi. Juni ufuta unaingia mnadani, na wakati huohuo mikorosho inataka kupuliziwa salfa, dawa ya kuzuia ubwiriunga. Agosti mbaazi. Oktoba korosho. Kuna shimo pale, Januari hadi Aprili, na kila mtu kijijini analiangukia kwa pamoja. Ndiyo sababu vikoba vyetu, pamoja na bidii yote ya akina mama, vinashindwa hapo. Kikoba cha watu 25 kinafanya kazi vizuri mmoja akiwa na shida na 24 wakiwa salama. Februari wote 25 wana shida. Sanduku linafunguliwa, linatazamwa, linafungwa. SACCOS ya kijiji ilikufa hivyohivyo. Wanaosema iliuawa na wizi wanasema nusu ya ukweli, maana wizi ulikuta maiti.

Hapo ndipo chama cha mkoa, au cha wilaya mbili tatu, kinapokuwa na maana ambayo kijiji hakiwezi kuwa nayo. Kina ufuta wa Juni wa bondeni na korosho za Oktoba za huku juu. Mvua ikiharibu maua upande mmoja, upande mwingine umepona. Kina ushuru unaoingia nyakati tofauti. Kinaweza kuingia benki na kuomba mkopo mmoja mkubwa, wakati benki haiwezi kumfuata bibi wa 50,000 kijijini, maana karatasi tu zitakula zaidi ya riba. Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa ushirika duniani, na tukasikia hotuba nzuri. Mimi benki hiyo nitaiamini siku shilingi yake itakapofika kijijini mwezi wa Pili kupitia mikono ya chama.

Dhamana iko wapi? Dhamana ni daftari langu la mizani.

Nirudie, maana hili nalijua kuliko mtu yeyote aliyesoma cheti. Daftari la mizani lina kila kitu. Lina jina, tarehe, kilo, daraja, msimu kwa msimu. Nilipokuwa karani niliweza kukuambia nani ataleta kilo ngapi kabla hajafika, labda nikosee gunia moja. Na niliweza kumwona aliyeingia kwa kangomba bila kuambiwa na mtu. Mzee mmoja alileta kilo 640 msimu wa kwanza wangu, 610 wa pili, wa tatu akaleta 95. Mikorosho haikufa, mvua ilikuwa nzuri, na jirani zake wamepanda kilo. Alipoweka gunia lake moja juu ya mizani hakuniangalia usoni. Nilisoma "tisini na tano" kwa sauti kama kanuni inavyotaka, na hadi leo natamani siku ile ningeisoma kimya. Mke wake alikuwa amejifungua kwa upasuaji mwezi Machi. Hilo nililijua baadaye.

Basi nipendekeze kama mtu wa mizani. Mwanachama akopeshwe Januari hadi Aprili, kiasi kisichozidi sehemu ya kumi ya wastani wa kilo zake za misimu mitatu iliyopita, na kilo ihesabiwe kwa bei ya chini, tuseme 1,500, hata kama msimu uliopita ilikuwa 4,000. Mimi wastani wangu ni kilo 700. Sehemu ya kumi ni 70, kwa 1,500 ni shilingi 105,000. Ingetosha kumpeleka mjukuu hospitali na kurudi naye, na ikabaki ya uji. Riba iwe asilimia kumi. Nikatwe kwenye korosho zangu Oktoba, kama binti yangu anavyokatwa kwenye maziwa.

Fedha ya kuanzia tunaweza kuitoa wenyewe. Tumezoea makato, Mhariri. Kilo moja ya korosho inakatwa ushuru wa halmashauri asilimia tatu, inakatwa ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafiri, na nyingine ambazo nilikuwa naziandika bila kujua zinakwenda wapi. Ongezeni shilingi 20 tu, ila hizi 20 ziwe zetu na zibaki kijijini. Chama cha msingi kinachokusanya tani 300 kitapata shilingi milioni 6 kwa msimu. Kwa mikopo ya 50,000 hizo ni familia 120 ambazo Februari hazitabisha hodi usiku. Zisipotosha, chama kikuu kijazie kutoka kwenye ule mkopo mkubwa. Miaka mitano hivi, mfuko utakuwa umeshiba wenyewe.

Kwamba inawezekana tumeshaona kwenye salfa. Zamani Juni ilikuwa mwezi wa pili wa kangomba, watu wanauza korosho za mbele ili wanunue mifuko ya salfa na kukodi mashine ya kupulizia. Tangu salfa ya ruzuku ianze kugawiwa kupitia vyama, huku kwetu mlango huo umefungwa karibu wote. Hakuna askari aliyeufunga. Mtu aliyepata salfa hana sababu ya kwenda kuikopea. Imebaki fedha ya kukodi mashine na mafuta, na hiyo nayo ingeingia kwenye mfuko niliousema.

Sasa kuhusu wizi, maana nasikia mnaguna. Nimefanya kazi na waaminifu na nimefanya kazi na wengine. Kuna msimu fedha za wakulima zilipungua kwa njia ambayo hakuna kikokotoo kinachoweza kuieleza, na aliyehusika anajenga. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ipo kwa sheria ya 2013, wakaguzi wapo, lakini mkaguzi anakuja hela ikiwa imeshapoa. Dawa ninayoiamini mimi ni ukuta wa ghala. Kila Ijumaa ya miezi hiyo minne ibandikwe karatasi: mfuko una kiasi gani, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi.

Je, majina ya waliokopa yabandikwe? Nimelala na swali hili siku nyingi. Nguvu ya kangomba ni siri. Mtu anakwenda kwake kwa sababu hakuna atakayejua kwamba watoto wake wamelala na njaa. Ukibandika majina umemrudisha gizani. Usipobandika, katibu atajikopesha mwenyewe kwa majina ya marehemu, na hilo si la kufikirika tu. Nimefikia hapa: ibandikwe namba ya uanachama na kiasi, bila jina. Mwenye namba anaijua yake, akiona imekopa na yeye hajakopa atapiga kelele. Na namba za marehemu tunazijua, tumezika pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume wa bodi hawapendi nikilisema. Nusu ya waliokuwa wakipeleka korosho kwa kangomba ni wanawake wenye waume, wanapeleka kilo tano, kilo nane, kwenye kikapu chini ya majani ya muhogo. Si wezi. Shamba wamelipalilia wao, korosho wameziokota wao, kuzitoa kwenye mabibo wamezitoa wao, mpaka vidole vikababuka. Lakini jina daftarini ni la mume, na akaunti ya benki ni ya mume. Hela ikiingia Oktoba anaifahamu yeye na wenzake wa kwenye uraka, pombe ya mabibo. Kwa mwanamke huyo bakuli la kangomba ndiyo benki pekee isiyouliza jina la mume. Mimi nilijua thamani ya hili mume wangu alipofariki: misimu miwili korosho zangu ziliuzwa kwa jina la shemeji, na nikawa namngojea barazani kwake kama mtoto anayengoja sikukuu. Chama kikitaka kuimaliza kangomba kiandikishe familia, jina la mume na jina la mke, kila mmoja na akaunti yake, na wakubaliane mgawo wakiwa wawili mbele ya karani. Watagombana siku moja, Oktoba watanyamaza.

Na wale wafugaji walioingia kusini na makundi ya ng'ombe tangu walipoondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, miaka ya 2006 na 2007, tunawazungumzia tu pale ng'ombe wanapoingia kwenye ufuta wa mtu. Huko Lindi wako wengi, na wengine wameshatukaribia. Wana ng'ombe, samadi na maziwa ambayo hayana pa kwenda. Sisi tuna mashudu ya ufuta na hatuna maziwa ya kumpa mtoto aliyeachishwa ziwa. Sijasikia chama kikuu hata kimoja cha huku kikiwaita mezani. Hilo wataliandika wanaolijua vizuri kuliko mimi.

Mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi ni mwezi ujao. Mwaka jana nilinyoosha mkono nikayasema haya, mwenyekiti akaniambia, kwa heshima kabisa, "Mama, wazo zuri, lilete kwa maandishi." Basi haya ndiyo maandishi. Ukiyachapa, Mhariri, nitanunua nakala mbili. Moja nitampelekea mwenyekiti. Nyingine nitaibandika kwenye ukuta wa ghala, karibu na mlango, pale nilipokuwa nakaa na daftari langu.

Yule kijana juzi alipita hapa nyumbani. Tumo Februari, anajua. Alisalimia, akauliza hali ya mjukuu, akasema, "Bibi, shida ikitokea usisite." Nilimshukuru. Mahindi ndani yamebaki debe moja na nusu.

Karani wa mizani wa zamani,
Mtwara
(Jina na namba ya simu anavyo Mhariri)